Uwezo uliofichika katika simu ya afisini

SIMU ililia saa mbili kasorobo za usiku katika mapokezi ya gazeti nililokuwa nikilifanyia kazi miaka mingi iliyopita. Kurasa za toleo la kwanza zilikuwa zimebakisha muda usiotimia saa moja kufungwa.

Aliyepiga alikuwa karani wa shule moja ya upili. Mchana wa siku hiyo alikuwa amemtajia mwandishi wetu jina la mwalimu aliyesimamishwa kazi ili achunguzwe kuhusu karo iliyotoweka. Jioni, alipoipitia faili upya, aligundua kwamba shuleni mlikuwa na walimu wawili wenye jina moja la ukoo, na kwamba alikuwa amemtaja asiyehusika.

Mama huyo alipokewa vyema, akaombwa asubiri kidogo, kisha akapitishwa kwenye meza ya waandishi. Huko hapakuwa na mtu. Simu ililia hadi ikakatika.

Akapiga mara ya pili na kujikuta akizungumza na mhudumu wa idara ya matangazo ya biashara. Mhudumu huyo alipojaribu kumrejesha mapokezi, laini ilikufa. Mara ya tatu mpokeaji simu alikuwa amekwenda zake nyumbani, na aliyejibu ni bawabu.

"Mama, hao watu wa gazeti wako huko juu, lakini mimi sijui namna ya kukupeleka kwao," alimwambia, kama tulivyokuja kuelezwa baadaye.

Asubuhi iliyofuata gazeti lilikuwa mitaani, na ndani yake jina la mtu asiye na hatia. Tuliomba radhi siku ya pili katika ukurasa wa ndani, lakini nani asiyejua kwamba habari mbaya hupanda farasi ilhali masahihisho hutembea kwa miguu?

Tulipochunguza yaliyojiri, hatukupata hitilafu yoyote katika mitambo. Simu zile zilikuwa na uwezo wa kumfikisha mama yule kwa mhariri kwa njia zisizopungua nne. Kijitabu cha maelezo kilikuwa kabatini, kingali katika karatasi yake ya plastiki. Hakuna mfanyakazi aliyekuwa amefunzwa zaidi ya kuinua mkonga wa simu, kusema, na kuurudisha mahali pake.

Hali hiyo ingali inashuhudiwa katika afisi nyingi humu nchini, za umma na za watu binafsi. Fedha hutumika kununua mtambo, kisha asilimia ndogo tu ya kazi zake ndiyo inayotumika. Anayeumia ni mpigaji: mgonjwa anayetafuta daktari, mzazi anayetafuta mwalimu, mteja anayetaka kulipa.

Mtambo wenyewe

Simu iliyo juu ya meza ya afisini haijaunganishwa moja kwa moja na kampuni ya simu. Imeunganishwa na mtambo mdogo wa kugawa laini ulio humo humo katika jengo, ambao wengi bado huuita swichibodi kwa kuukumbuka ubao wa zamani ambapo mhudumu alichomeka na kuchomoa nyaya kwa mkono.

Mtambo huo una majukumu mawili makuu. Kwanza, huwawezesha wafanyakazi kupigiana simu kwa nambari fupi za ndani, aghalabu za tarakimu tatu au nne, pasipo malipo. Pili, huwagawia watu wengi laini chache za nje.

Kwamba afisi yenye watu arobaini yaweza kutosheka na laini chache si jambo la kubahatisha. Mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka wa 1909 hesabu kuhusu jinsi simu zinavyoingia bila mpangilio maalumu. Mwaka wa 1917 alitoa kanuni ya kukadiria laini zinazohitajika ili wapigaji wasikute zote zimeshikwa. Kipimo cha wingi wa simu kingali kinaitwa erlang kwa heshima yake.

Mtambo unaounganisha simu wenyewe, bila mhudumu, ulibuniwa na Almon Strowger, Mmarekani aliyekuwa na biashara ya mazishi huko Kansas City. Husimuliwa kwamba alichoshwa na wahudumu wa simu waliokuwa wakiwapeleka wateja wake kwa mshindani wake. Alipewa hataza mwaka wa 1891, na mtambo wa kwanza wa aina hiyo ukafungwa mjini La Porte, jimbo la Indiana, mwaka uliofuata.

Kwa hivyo tangu mwanzo, swali lililozaa teknolojia hii lilikuwa lile lile la mama karani: kwa nini simu yangu haimfikii ninayemtaka?

Simu za kubonyeza vitufe zilipozinduliwa Marekani mwaka wa 1963 zilikuwa na vitufe kumi tu. Kitufe cha nyota (*) na kile cha alama ya reli (#) viliongezwa mwaka wa 1968. Leo vitufe hivyo viwili ndivyo ufunguo wa huduma nyingi tutakazozitaja hapa.

Nchini Kenya, wenye umri wa makamo wanalikumbuka Shirika la Posta na Simu, lililoundwa mwaka wa 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na ambalo liligawanywa mwaka wa 1999. Katika enzi hiyo kupata laini moja tu ya simu lilikuwa jambo la kungojewa kwa subira kubwa, na mtambo wenye huduma za ziada ulikuwa anasa ya mashirika makubwa.

Mambo yamebadilika. Mitambo mingi ya sasa hupitisha sauti kwenye mtandao ule ule unaotumiwa na tarakilishi. Mwaka wa 1999, Mmarekani Mark Spencer alianzisha programu iitwayo Asterisk, jina la Kiingereza la alama ya nyota, inayoweza kuigeuza tarakilishi ya kawaida kuwa swichibodi kamili. Programu hiyo hutolewa bure. Shule ndogo au zahanati yaweza leo kuwa na huduma ambazo zamani zilikuwa za mabenki pekee.

Kuhamisha simu

Huduma ya kwanza, na ambayo hukosewa kuliko zote, ni kumhamisha mpigaji kutoka simu moja hadi nyingine. Kuna njia mbili za kufanya hivyo, na tofauti yake ni kubwa.

Njia ya kwanza ni kuhamisha pasipo kuarifu. Unabonyeza kitufe kilichoandikwa Transfer, unapiga nambari ya ndani ya mwenzako, kisha unakata. Ni njia ya haraka, lakini hujui kama mwenzako yupo, ana mgeni, au amekwenda kunywa chai.

Njia ya pili ni kuhamisha kwa kuarifu. Unabonyeza kitufe hicho hicho, na mpigaji anaanza kusikia muziki. Unapiga nambari ya mwenzako na kungoja ajibu. Unamweleza ni nani anayepiga, ana shida gani, na kama jambo lenyewe ni la dharura. Akikubali, unabonyeza kitufe tena au unakata, nao wawili wanabaki wakizungumza. Asipojibu, unaghairi na kumrudia mpigaji.

Faida ya njia hii ya pili ni kwamba mpigaji halazimiki kusimulia kisa chake upya kwa kila anayejibu. Faida kubwa zaidi ni kwamba hapotei. Lau mpokeaji wetu angeitumia usiku ule, angegundua papo hapo kwamba meza ya waandishi haina mtu, naye angejaribu meza ya wahariri.

Katika simu za zamani zisizo na kitufe hicho, kazi hufanywa kwa kubonyeza kitufe chenye herufi R, au kwa kugusa mara moja kile kibonyezo kinachokaliwa na mkonga. Hapa ndipo wengi huteleza. Mguso ukiwa mrefu, mtambo hudhani umekata simu, nao huikata kweli. Nashuku kwamba ndivyo mhudumu wa matangazo alivyompoteza mama karani.

Kuna pia mpangilio ambao fundi huuwasha mara moja tu katika mtambo: simu iliyohamishwa ikikosa kujibiwa baada ya sekunde kadhaa, inarudi yenyewe kwa aliyeihamisha. Afisi isiyo na mpangilio huu inawatupa wateja wake bila kujua.

Kusubirisha, kuegesha na kudaka

Kumsubirisha mpigaji kwa kitufe cha Hold si sawa na kunyamazisha kinasa sauti kwa kitufe cha Mute. Ukisubirisha, hamsikizani, naye husikia muziki. Ukinyamazisha, yeye hakusikii lakini wewe unamsikia. Kuziba mkonga kwa kiganja hakunyamazishi chochote, na wako wateja waliosikia kwa masikio yao wakiitwa wasumbufu.

Aliyesubirishwa kwa kawaida huweza kuchukuliwa tu kwenye simu ile ile iliyomsubirisha. Je, ikiwa anayetakiwa yuko ghalani, wodini au karakana, wala haijulikani atakuwa karibu na simu ipi?

Jawabu ni kuegesha simu. Mtambo huwa na nafasi maalumu za maegesho, kila moja na nambari yake. Katika mitambo mingi inayoendeshwa kwa Asterisk, mpokeaji humhamishia mpigaji kwenye nambari 70, naye husikia mtambo ukimtajia nafasi aliyopewa, kwa mfano 71. Kisha humwita anayetakiwa kwa kipaza sauti au kwa simu ya mkononi: "Daktari, una simu kwenye 71." Daktari huinua simu yoyote iliyo karibu, hupiga 71, na mazungumzo huanza.

Huduma inayofanana nayo ni kudaka simu ya mwenzako. Simu inalia kwenye meza ya jirani aliyetoka. Badala ya kuruka viti ili uiwahi, unainua yako na kubonyeza tarakimu fulani, ambazo katika mitambo mingi ni *8, na simu ile inahamia kwako. Sharti ni kwamba fundi awe amewaweka nyote katika kundi moja. Ukiwa nje ya kundi, utabonyeza hadi uchoke.

Kadhalika, nambari moja yaweza kuliza simu za watu kadhaa. Zaweza kulia zote kwa pamoja, au moja baada ya nyingine hadi apatikane wa kujibu. Idara ya malipo yenye makarani watatu haina sababu ya kuwapa umma nambari tatu tofauti na kuwaachia wajaribu bahati yao.

Unapokuwa nje ya afisi

Simu yaweza kuelekezwa kwingine kwa namna tatu: zote bila ubaguzi, zile tu zinazoingia ukiwa unazungumza, na zile usizozijibu baada ya muda fulani. Namna ya tatu ndiyo inayowafaa wengi, kwa kuwa humpa mwenye meza nafasi ya kujibu kwanza.

Katika mitambo kadhaa, *72 ikifuatwa na nambari huanzisha uelekezaji wa simu zote, na *73 huufuta. Tarakimu hizi hutofautiana kulingana na mtengenezaji, kwa hivyo sharti zithibitishwe katika kijitabu cha mtambo wako.

Kosa la kawaida ni kusahau kufuta. Mkuu wa idara anakwenda likizoni na kuelekeza simu zake kwa katibu wake. Anaporejea, analalamika kwa wiki nzima kwamba simu yake imekufa, ilhali inalia meza ya pili. Kosa jingine ni la wafanyakazi wawili kuelekezeana. Simu hubaki ikizunguka kama pia hadi mtambo uikatae.

Afisi ndogo zinazotumia simu ya mkononi kama simu ya kazi nazo zina huduma hii. Katika simu za mfumo wa GSM, kupiga *#21# hukuonyesha kama simu zako zote zimeelekezwa kwingine, na ##002# hufuta uelekezaji wote. Inafaa kukagua mara kwa mara, kwani aliyeishika simu yako kwa dakika moja aweza kuwa ameielekeza kwake.

Asiyepatikana kabisa ana kisanduku cha sauti. Huduma hii imepata sifa mbaya kwa sababu moja tu: watu huacha ujumbe usiosikilizwa. Salamu inayosema kwamba mhusika yuko likizoni hadi Aprili, ikisikika mwezi Agosti, humwambia mpigaji yote anayohitaji kujua kuhusu afisi hiyo. Mitambo ya sasa huweza kuutuma ujumbe huo kwa barua pepe, hivyo kisingizio cha kutousikia kinazidi kudhoofika.

Mwisho katika kundi hili ni mpangilio wa usiku. Mtambo hufahamishwa saa za kazi na sikukuu. Saa ikifika, simu zote za nje hubadili njia zenyewe na kwenda kwa walio zamu. Huu ndio mpangilio uliokosekana usiku ule, bawabu akaachiwa mzigo usiokuwa wake.

Sauti iliyorekodiwa

Mashirika mengi sasa humpokea mpigaji kwa sauti iliyorekodiwa inayomtaka abonyeze tarakimu hii kwa jambo hili na ile kwa jambo lile. Ikipangwa vizuri, humwokolea muda. Ikipangwa vibaya, ni ukuta.

Machaguo yasizidi manne au matano, maana masikio hayana kumbukumbu ya macho. Jambo litajwe kabla ya tarakimu: "Kwa malipo, bonyeza 2." Ukisema "Bonyeza 2 kwa malipo," msikilizaji huwa ameisahau tarakimu anapogundua kwamba malipo ndiyo anayoyataka. Pia sharti pawepo njia ya kumfikia binadamu, ambayo kwa desturi ni kubonyeza 0.

Kisha kuna suala la lugha. Kipengele cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, sauti katika simu za afisi nyingi huanza na kumaliza kwa Kiingereza. Anayehitaji msaada zaidi ndiye anayefungiwa mlango wa kwanza.

Wanaorekodi mazungumzo nao wana wajibu. Kipengele cha 31 cha Katiba hulinda usiri wa mawasiliano ya mtu, nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huzichukulia habari zinazoweza kumtambulisha mtu kuwa za kulindwa. Mpigaji aarifiwe mwanzoni kwamba anarekodiwa na kwa madhumuni gani, na kanda hizo zisiwe mali ya kila mwenye ufunguo wa kabati.

Wezi wa laini

Kila mlango unaomfaa mwenye nyumba waweza kumfaa mwizi. Huduma hizi zisipolindwa huleta hasara inayogunduliwa siku bili inapowasili.

Wahalifu hutumia programu za kupekua mtandao wakitafuta mitambo ya simu iliyo wazi. Wakiupata mmoja, hujaribu nambari za siri nyepesi: 0000, 1234, au nambari ya siri iliyo sawa na nambari ya ndani ya mhusika. Wakifanikiwa, hupiga simu kupitia mtambo huo kwenda nambari za ng'ambo zenye gharama ya juu, ambazo wao wenyewe hupata mgao wa malipo yake.

Aghalabu wizi huu hufanywa usiku, mwishoni mwa wiki au sikukuu, wakati hakuna wa kushtuka. Kufikia Jumatatu asubuhi, mamia ya simu huwa yamepigwa, na anayedaiwa ni mwenye mtambo.

Kinga zake si ngumu. Nambari za siri zilizotoka kiwandani zibadilishwe siku ile ile mtambo unapofungwa. Simu za ng'ambo zifungwe kwa wasiozihitaji na kwa saa zisizo za kazi. Nambari ya ndani ya aliyeacha kazi ifutwe. Na mtu mmoja atwikwe jukumu la kuipitia orodha ya simu zilizopigwa kila wiki.

Kuna pia hila isiyohitaji tarakilishi. Mtu hupiga akijidai fundi wa kampuni ya simu, akamwomba mfanyakazi abonyeze 9, kisha 0, kisha alama ya reli, kisha akate. Katika baadhi ya mitambo ya zamani, kufanya hivyo humpa mgeni huyo laini ya nje ya afisi yako. Fundi wa kweli hana haja ya kukuomba hivyo.

Nambari za dharura

Suala zito kuliko yote ni lile ambalo wengi hawajalifikiria: je, simu ya mezani kwako yaweza kuita polisi au gari la wagonjwa?

Mwezi Desemba 2013, mwanamke aitwaye Kari Hunt alishambuliwa na kuuawa katika chumba cha hoteli mjini Marshall, jimbo la Texas, Marekani. Bintiye wa umri wa miaka 9 alipiga 911, nambari ya dharura ya nchi hiyo, mara nne. Simu haikutoka. Mtambo wa hoteli ulihitaji mtu abonyeze 9 kwanza ili apate laini ya nje, jambo ambalo mtoto hakulijua.

Babake Kari alianzisha kampeni, na Februari 2018 Marekani ikapitisha sheria iitwayo Sheria ya Kari. Sheria hiyo, iliyoanza kutekelezwa Februari 2020, inaitaka mitambo mipya ya simu ya afisi na hoteli imwezeshe mtu kupiga 911 moja kwa moja, na imjulishe mhusika katika jengo kwamba simu ya dharura imepigwa.

Humu nchini nambari za dharura ni 999, 112 na 911. Katika afisi ambako laini ya nje hupatikana kwa kubonyeza 9, anayepiga 999 aweza kuwa ametoa tarakimu mbili tu nje, wala asisikie chochote. Muulize fundi wako leo, naye aupange mtambo uzitambue nambari hizo pasipo kitangulizi.

Jambo jingine ni umeme. Simu za waya za zamani zilipata nguvu kutoka kwa kituo cha kampuni ya simu, hivyo ziliendelea kufanya kazi hata stima ilipopotea. Simu zinazopitia mtandao hutegemea umeme wa jengo. Ukikatika, nazo hunyamaza, isipokuwa pawepo betri ya akiba ya mtambo na vifaa vya mtandao.

Pa kuanzia

Anayetaka kurekebisha mambo hana haja ya kununua kitu kwanza. Na apige simu katika afisi yake mwenyewe akiwa nje, saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, kama mteja asiyejulikana. Ahesabu mara ngapi simu inalia kabla ya kujibiwa, ahesabu amehamishwa mara ngapi, na aone kama anafika. Wakuu wengi hawajawahi kuingia katika mashirika yao kwa mlango huo.

Kisha aandike kadi moja kwa kila meza. Kadi hiyo iwe na mambo sita: jinsi ya kuhamisha kwa kuarifu, kusubirisha, kuegesha, kudaka, kuelekeza na kufuta, pamoja na nambari za ndani za idara zote. Iandikwe kwa lugha ambayo kila mtu katika jengo anaielewa, bawabu na mfagizi wakiwemo, kwa sababu kuna saa ambazo wao ndio afisi.

Mafunzo yenyewe hayachukui zaidi ya nusu saa, mradi kila mtu aguse vitufe kwa mkono wake. Huduma hizi hazikai akilini kwa kusomewa.

Baada ya kisa cha mwalimu yule, gazeti letu lilimwita fundi kwa asubuhi moja tu. Hatukununua hata waya. Aliuwasha mpangilio wa usiku, akayaweka madawati ya habari katika kundi moja, na kuhakikisha kwamba simu isiyojibiwa inamrudia aliyeihamisha. Kuanzia jioni hiyo, kila aliyepiga baada ya saa moja usiku alijibiwa katika meza ya wahariri wasanifu, na mara kadhaa simu hizo zilituzuia kuchapisha makosa.

Mwalimu aliyetajwa kimakosa aliomba uhamisho hadi shule nyingine mwaka huo huo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kijitabu cha maelezo kingali kabatini katika afisi nyingi. Atakayekifungua leo atakuwa amemsaidia mtu ambaye bado hajainua simu kumpigia.